Kila Kiondo na Karatasi Yake

Mashine ile ililetwa dukani kwangu ikiwa imefungwa kwa gazeti kama kilo ya nyama. Kijana aliyeileta alitoka Nairobi, kwenye kampuni ya kadi, na tai yake ilikuwa imelowa ukungu wa Nyeri. Aliiweka juu ya kaunta, kati ya vyondo, vile vikapu vya kusukwa kwa mkono, na ngozi za kondoo, akanifundisha kazi yake. Kadi ya mgeni inalazwa hapa. Karatasi tatu zilizobebana, zenye kaboni katikati, zinalazwa juu yake. Kisha unashika mpini na kuusukuma kwenda na kurudi, kama mtu anayenyoosha kola ya shati. Ukiinua karatasi unakuta jina la mgeni limejichapa pamoja na namba zake.

Tangu siku hiyo mtaani kwetu mashine ile iliitwa pasi.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Watalii walipita mjini wakienda kulala kwenye hoteli za msituni ili waone ndovu usiku, na wengi walishuka kunyoosha miguu na kununua kitu cha kubeba nyumbani. Duka nililirithi kwa marehemu baba, ambaye watu wake walitoka pwani na kwingineko; mama yangu alizaliwa Tetu. Mchana niliuza. Baada ya sala ya alasiri nilifundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti, ndiyo maana mjini waliniita Mwalimu, na wale wa vijijini, kwa ulimi wa huko, wakaniita Mwarimu.

Nilikuwa nimesoma fikihi ya biashara kwa walimu wangu, na nilidhani naijua. Kuna muuzaji, kuna mnunuzi, kuna kitu, kuna bei, na kuna neno la kukubaliana. Muuzaji akitaka anamweka wakala wa kumuuzia. Sasa huyu wa Nairobi, ambaye hajaona kiondo wala mgeni, na ambaye katika kila shilingi mia atabaki na tano, amesimama wapi katika habari hii? Swali hilo lilinivutia kuliko lilivyonitia wasiwasi. Nikamuuliza kijana yule.

"Bwana, mimi nauza vyondo. Nyinyi mnauza nini?"

Akafikiri, akafuta tai yake kwa kiganja. "Tunauza uhakika, Mwalimu. Mgeni huyu humjui na hutamwona tena. Sisi tunakuhakikishia kwamba atalipa."

Jibu lile nililipenda. Nilitia sahihi mkataba siku hiyo hiyo.

Vyondo havikuwa vyangu. Vililetwa na akina mama wa Wamagana, kule Tetu, kwa mali kauli: wanaacha mzigo dukani, kiondo kikiuzwa wanalipwa. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mrefu, mjane, ambaye kila mtu alimwita cucu, yaani nyanya, hata wale waliokaribia umri wake. Alikuja kila siku ya soko na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na mikono yake ikiendelea kusuka kiondo kingine huku akitembea. Sijui aliwahi kuja mikono yake ikiwa mitupu. Hata tukibishana bei, vidole viliendelea.

Alipoiona pasi aliizunguka.

"Hii ndiyo inakula pesa?"

"Haili, cucu. Inangoja. Kiondo kikiuzwa kwa noti, utapata chako leo. Kikiuzwa kwa hii, tutangoja hundi kutoka Nairobi, na kampuni itabaki na tano katika mia. Hizo tano tutagawana, nusu yangu, nusu yenu."

"Na hundi inakuja ya nani?"

"Ya duka."

"Ya vyondo yote pamoja?"

"Ndiyo, pamoja."

Hapo vidole vilisimama. "Mwarimu, sisi tuko na kahawa. Unajua kahawa inafanya nini? Unachuma yako, nzuri, nyekundu. Unabeba mpaka kiwandani. Inapimwa, inamwagwa kwa tangi na ya watu wengine wote. Ikishaingia hapo, ati ya nani? Mwaka unaisha, pesa inakuja, imekatwa ya mbolea, imekatwa ya dawa, imekatwa ya gari. Ukiuliza, unaambiwa ni ya wote. Mimi sitaki kiondo yangu iingie kwa tangi."

"Unataka nifanyeje?"

"Kila kiondo na karatasi yake. Na hiyo karatasi tupatie, tukae nayo."

Nikaona ana haki. Karatasi zilikuwa tatu: nyeupe ya mgeni, ya njano ya kwenda Nairobi, na ya pinki ya kubaki dukani. Tukakubaliana kwamba kila kiondo kitapigiwa pasi peke yake, na karatasi ya pinki itakwenda Tetu kwa aliyekisuka. Wakala amebeba amana za watu, na amana zikichanganyika ni kazi kuzitenganisha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mpaka leo sioni kama nilifikiri vibaya.

Wageni walishangaa. Mtu alinunua vyondo vitano, akatia sahihi mara tano. Mzungu mmoja mwenye ndevu aliniuliza kama anaoa wanawake wote hao. Mkewe akamwambia asaini tu, nisije nikabadilisha mawazo nikampa na wa sita. Wengine waliuliza majina ya wasukaji, nikawatajia, wakayarudia vibaya huku wakienda kwenye gari lao.

Kwa miezi mingi mambo yalikwenda. Kisha akina mama wakaanza kuona jambo. Kiondo kilichouzwa kwa noti kilimpa mtu fedha alizozitarajia. Pacha wake, aliyeuzwa kwa pasi, alileta pungufu, na upungufu ule ulikuwa mkubwa kuliko nusu ya tano katika mia. Cucu aliniuliza mara ya kwanza kwa upole. Nilihesabu hundi, nikakuta kweli imepungua. Nikawalipa kwa kadiri ya hundi ilivyokuja, nikaandika Nairobi, nikangoja. Mara ya pili aliniuliza akiwa amesimama, mzigo bado mgongoni.

"Mwarimu, niko na shida. Kuna broka ametoka Kutus na pikapu. Analipa kidogo, lakini analipa palepale, noti mkononi. Wengine wameanza kumwangalia. Kuna mama mmoja ameniuliza mbele ya wote, kanisani, kama mimi nakula na wewe."

Mama huyo nilimfahamu. Alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kijito, mfupi, mwenye sauti kali, na msukaji bora kuliko wote. Vyondo vyake vilikuwa na milia ya sufu nyekundu iliyofumuliwa kwenye sweta za watoto.

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema nimekujua tangu ukiwa mtoto wa mama yako. Nilisema kama kuna kitu kimeliwa, mimi mwenyewe nitatoka kwa kikundi. Wamenipatia mpaka mavuno ya mahindi. Baada ya hapo, kila mtu na njia yake, na mimi sitakuwa na uso wa kukaa kwa ile benchi yetu kanisani."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Nilijua kikundi kile ndicho kilichomsimamisha alipofiwa. Walimchimbia shamba, walimjengea jiko. Hakuwa akizungumzia vyondo.

Kando ya duka langu palikuwa na duka la filamu na kamera. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa utani, na tulikuwa majirani wa kupeana kahawa na pole. Yeye aliniita Sheikh ingawa alijua mimi si sheikh, nami nilimwita Askofu ingawa alijua yeye si askofu. Jioni moja alikuja akiwa amekunja mikono ya shati.

"Sheikh, na wewe umekatwa saba?"

"Saba gani?"

"Mkataba unasema tano. Sisi wa huku mlimani tumekuwa tukikatwa saba, mimi, wa petroli na wa hoteli. Ati mtu wa Nairobi alituweka kwenye fungu la maduka ya mbali, na fungu hilo hatukulitia sahihi. Chama chetu cha wafanyabiashara kimelalamika, na kampuni imekubali kurudisha ziada. Kila mtu apeleke nakala zake."

"Nakala zipi?"

"Za pinki, Sheikh. Zile za kubaki dukani. Zangu zote ziko kwenye masanduku ya filamu."

Nilimwambia zangu ziko Wamagana, kila moja kwa mama yake. Aliketi kwenye kigoda na kucheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, maana aliona uso wangu, akasema tuketi tuhesabu.

Tukakuta kwamba hata saba haikutosha kueleza. Katika kila karatasi palikuwa na kitu kingine kimeondoka. Askofu akageuza mkataba, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya nyuma. Kulikuwa na kiasi cha chini ambacho kampuni itachukua kwa kila karatasi, hata ingekuwa ya kitu kidogo namna gani. Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma nikayapita, maana wakati huo sikujua kwamba siku moja mgeni mmoja atasaini mara tano. Yeye, anayeuza kamera moja kwa karatasi moja, hakuwahi kuligusa jambo hilo. Mimi nilikuwa nimeligusa kwa kila kiondo.

"Kwa hiyo mmelipia utaratibu wenu," akasema polepole, kama mtu anayefumbua kitendawili kizuri. "Kadiri mlivyotenganisha, ndivyo walivyokata."

Usinidhanie vibaya nikisema kwamba usiku ule, baada ya sala, nilikaa na jambo hilo kwa hamu ya kulijua zaidi ya hasira. Mtu mmoja ananunua, watu watano wanauza, mimi ni wakala katikati. Mauzo hayo ni mangapi? Ukisimama upande wa mgeni ni moja. Ukisimama Wamagana ni matano. Vitabu nilivyosomeshwa vilinipa njia ya kusema ni matano, lakini walioviandika hawakuwa wamewahi kuona pasi.

Alhamisi iliyofuata nilipanda Tetu. Akina mama walikutana siku hiyo kila wiki katika ua wa kanisa lao, kwenye mabenchi yaliyotolewa nje penye jua. Walinipa kiti na chai yenye maziwa mengi kwanza, ndipo nikasema. Niliwaeleza habari ya tano na saba. Niliwaeleza habari ya kiasi cha chini. Nikasema kampuni inataka karatasi za pinki.

Kisha yule mama mfupi akainuka, kiondo kikining'inia kwenye uzi wake.

"Mwarimu, wewe unasema pesa yetu imepotea Nairobi."

"Sehemu yake, mama."

"Na dawa ni tutume na karatasi pia Nairobi."

Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, maana lilikuwa kweli.

"Hii karatasi ni kama ile ya kupimia kahawa," akaendelea. "Ukiipeana, umebaki na mdomo tu. Mimi yangu haitoki kwa nyumba yangu. Cucu atoe yake, kwa vile anaamini."

Nilimtazama cucu. Alikuwa na njia ya kumaliza maneno pale pale: atoe zake mbele ya wote, wengine waone aibu wafuate. Hakufanya hivyo. Alisuka mishono michache, akakaza uzi kwa meno.

"Ana haki," akasema. "Hata mimi sitoi."

"Sasa cucu, tufanye nini?" nikauliza.

"Kama Nairobi inataka kuona karatasi, Nairobi iko na macho. Ije."

Askofu aliniambia hawatakuja kwa ajili ya vikapu. Niliandika hata hivyo, nikaeleza kila kitu kama kilivyo, na nikamaliza kwa kusema kwamba chai ya Tetu ni nzuri. Mola ana njia zake za kufungua milango. Aliyejibu alikuwa yule kijana wa tai, ambaye sasa alikuwa amepandishwa cheo. Aliandika kwamba hajapata kusikia duka lililogawa nakala zake kwa wasukaji, na kwamba angependa kujionea.

Alikuja Alhamisi, baada ya mvua. Gari lake dogo likazama kwenye udongo mwekundu kwenye mteremko wa mwisho, mbele kidogo ya kanisa. Akina mama waliteremka wakiwa na karatasi zao, wengine wamezifunga kwenye pindo la leso, wengine wamezitia kifuani, mmoja ameiweka katikati ya Biblia. Wakasukuma gari. Lilipochomoka lilimrushia matope yule mama mfupi kutoka kiunoni kwenda chini. Kijana akashuka akiomba radhi.

"Usijali," akamwambia huku akikung'uta sketi. "Hii nayo utaikata ngapi kwa mia?"

Walimweka mezani katikati ya ua. Akatoa daftari lake, akasema waje mmoja mmoja. Wakaja. Lakini hakuna aliyeachilia. Kila mama alilaza karatasi mezani na kuishikilia pembe moja kwa kidole gumba, kijana akasoma na kunakili huku kidole kikiwa hapo hapo. Alipotaka kugeuza nyuma, mwenyewe aligeuza. Karatasi nyingine zilikuwa zimekaa karibu na moshi wa jiko mpaka zimekuwa kahawia, na ilibidi aziinue juani. Hata hapo mwenyewe aliinuka pamoja na yake.

Alimaliza jua likiwa limeshapita katikati. Akafunga daftari.

"Hili la saba ni kosa letu," akasema. "Ziada yake itarudi, kwa kila karatasi niliyoiona. Lakini hili la kiasi cha chini sielewi lilivyowafikia. Niambieni, mgeni alikuwa mmoja. Kwa nini karatasi tano?"

Akina mama wakamtazama cucu.

"Kwa sababu tulisuka watano," akasema.

"Lakini mama, kwa kampuni, mnunuzi mmoja ni mauzo moja."

"Mnunuzi ni mmoja. Muuzaji ni wangapi?"

Kijana akanitazama mimi.

"Mimi ni wakala wao," nikasema. "Kila mmoja amenikabidhi chake."

Akashika kidevu. Nilimpenda kwa kuwa hakujifanya anajua. "Basi niwaeleze kiasi kile ni cha nini," akasema. "Kila karatasi ya njano ikifika Nairobi inashikwa na mtu. Kuna chumba cha wasichana. Kila mmoja ana mashine yake mbele yake, anasoma karatasi, anaichapa upya, namba kwa namba. Karatasi ya kamera na karatasi ya kiondo zinamchukua muda ule ule. Ndiyo ikawekwa kiasi cha chini."

Vidole vya cucu vilikuwa vimesimama tena. "Kwa hiyo kuna msichana ambaye ameshika karatasi yangu."

"Yuko, mama."

"Anajua mimi nilisuka?"

"Hajui. Anaona namba ya duka na bei."

"Anakaa kwa kiti siku nzima?"

"Siku nzima."

"Na mgongo haumuumi?"

"Unamuuma. Wanalalamika sana."

Akina mama wakazungumza wenyewe kwa wenyewe kwa Kigikuyu, kwa sauti ya chini, na niliwasikia. Hawakuwa wakizungumzia fedha. Walikuwa wakiulizana msichana huyo ni wa nani, anatoka kwao saa ngapi asubuhi, na kama ana mtoto. Mpaka dakika ile upungufu ulikuwa mdomo usio na mtu. Wengine waliudhani wangu, wengine wa cucu. Sasa ulikuwa na mgongo unaouma.

Kijana alisema atapeleka swali la karatasi tano kwa wakubwa wake. Kabla hajaondoka alinunua kiondo cha milia myekundu, kwa noti, na yule mama mfupi hakumpunguzia hata senti. Safari hii walisukuma gari kutoka upande.

Jibu lilikuja kabla ya mahindi kukauka. Hundi ilikuwa ya ziada ya saba, yote, kwa kila karatasi aliyoinakili. Kuhusu kiasi cha chini, wakubwa walikataa: kwao karatasi moja ni mauzo moja, na kanuni ni ya wote. Ila waliruhusu kwamba kuanzia sasa naweza kuandika vyondo vingi kwenye karatasi moja, kila kimoja na mstari wake, na makato yatakuwa ya mara moja.

Nilimweleza cucu dukani kabla ya Alhamisi, ili asisikie pamoja na wengine. Alikaa kwenye gunia la sufu.

"Kwa hiyo tumeshinda nusu."

"Nusu, cucu. Naweza kujazia ile nyingine kutoka dukani, kidogo kidogo."

"Hapana," akasema mara moja. "Ukijazia, watasema kumbe alikula, ndiyo anarudisha. Peleka kile kimekuja. Mimi nitasema, na wao waamue."

Nilishukuru kwa akili yake, maana sikuwa nimeliona hilo.

Alhamisi nilibadilisha hundi benki, nikapanda na fedha zikiwa kwenye bahasha, kila karatasi na bahasha yake. Walizipokea mmoja mmoja. Mmoja alichungulia ndani ya yake akasema itatosha chumvi na kiberiti, mwingine akamwambia basi leo hutakopa kwangu. Kisha cucu akasimama. Aliwaambia lililorudi na lisilorudi. Hakulipamba. Akasema njia sasa ni tatu. Wa kwenda kwa broka wa Kutus aende, hatalaumiwa. Wa kutaka karatasi yake peke yake aendelee nayo, akijua kila karatasi ina msichana wake na malipo yake. Na wa kutaka kupunguza makato, aandikwe pamoja na mwenzake.

"Kwa tangi moja," akasema mmoja kutoka nyuma.

"Si tangi," akajibu cucu. "Kwa tangi humjui mwenye uko naye. Hapa unachagua mwenyewe, mnaandikwa, kila mtu na mstari, na karatasi mnaweka kwa nyumba moja. Ni kujua tu unaiweka kwa nani."

Akaketi. Nikaona ameketi kwenye ncha kabisa ya benchi, mahali pa mtu anayejiandaa kuondoka.

Nilisoma dua moyoni, fupi, ile aliyonifundisha mama yangu nikiwa mdogo. Kisha dada wawili wakasema waandikwe pamoja. Mama na mkaza mwanawe wakasema nao pamoja, ila karatasi ikae kwa mkaza mwana, maana mama hupoteza vitu. Mama akakana, watu wakamkumbusha sufuria ya kanisa. Wake wenza wawili walitazamana, mmoja akasema hapana, tutabaki mbalimbali, tumezoea, na hata huo ulikuwa uamuzi mwema. Niliandika kila neno. Hakuna aliyemtaja broka.

Cucu hakuitwa na mtu. Nadhani waliona haya, kila mmoja akidhani mwenzake ana haki zaidi. Yeye naye hakuomba. Alisuka, macho chini.

Yule mama mfupi alikuwa hajasema kitu tangu nifike. Aliweka kiondo chake kando, akaipangusa sketi kana kwamba matope yale bado yapo, akaja mpaka mezani kwangu.

"Mwarimu, mimi niandike na cucu."

Nikainua kalamu.

"Karatasi ikae kwake," akasema. "Mimi nyumba yangu inavuja. Lakini jina yangu iwe juu."

Cucu akasogea katikati ya benchi ili apate nafasi, bila kuinua macho kwenye uzi wake. "Andika yake juu," akaniambia. "Tangu kitambo anapenda mbele."

Nikaandika la kwake juu, na la cucu chini yake, kwenye karatasi moja.